Siku Bibi Alipoingia Ubalozi wa Msumbiji

Bibi yangu mzaa mama aliletwa Kilosa akiwa msichana mdogo mwenye mapengo, baba yake alipokuja kukata mkonge. Walitoka ng'ambo ya Ruvuma, nchi ikiwa bado chini ya Wareno. Mdogo wake wa kike walimwacha kwa shangazi yao. Bibi akakulia Kilosa, akaolewa, akazeeka, na Kimakua chake kikabaki cha jikoni.

Enzi za ruksa, mashamba ya mkonge yakiuzwa na kila mtu akifungua kibanda, mimi niliuza mitumba Mikumi. Siku moja nimekwenda Dar es Salaam kufuata mzigo, nikapita mbele ya jengo lenye bendera nisiyoijua. Mlinzi akaniambia ni ubalozi wa Msumbiji. Nilipomsimulia bibi, aliacha kupepeta mchele.

"Wana nyumba Dar?"

"Wanayo, bibi. Na bendera yao juu."

"Nipeleke."

Tulipofika mlangoni alivua kandambili. Mlinzi akamwambia aingie nazo tu, lakini bibi alizikumbatia kifuani, akaingia pekupeku.

Ofisa aliyetupokea alikuwa kijana wa suti. Nilianza kumweleza kwa Kiswahili. Aliposikia bibi alikotoka, alisimama, akamwamkia kwa Kimakua. Bibi alinishika mkono kwa nguvu. Maisha yangu yote lugha ile niliisikia kwenye moshi wa kuni. Sasa ilitoka kinywani mwa mtu wa serikali, chini ya picha ya rais.

Akatueleza kwamba zamani nchi yao haikuwa na balozi popote. Hapa Dar walikuwa na ofisi ya wapigania uhuru tu, waliopewa hifadhi. Baada ya uhuru ndipo wakapata ubalozi, wa kuisemea nchi yao kwa serikali ya Tanzania na kuwaangalia watu wao walio ugenini.

"Hata sisi tuliotoka kabla nchi haijawa nchi?" bibi akauliza.

"Hata ninyi, bibi."

Ndipo akamtaja mdogo wake. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya kule vilikuwa vimekwisha, na ofisa alikuwa karibu kwenda likizo kwao. Aliuliza jina la kijiji, la mto, la baba yao, na mahali kilipo kibanda changu. Hakuahidi kitu.

Miezi ikapita. Asubuhi moja, gari lenye namba za ubalozi lilisimama mbele ya kibanda changu Mikumi. Ofisa alikuwa anapeleka wageni mbugani. Alinipa kaseti, akasema, "Mwambie bibi, tumempata."

Nilifunga kibanda nikapanda lori la kwanza la Kilosa.

Tuliweka redio ya kaseti mkekani. Sauti ya mwanamke mzee ilianza kusalimia, na bibi akaitikia kila salamu, kama aliyekaa naye. Kisha sauti ikamtaja kwa jina la utotoni ambalo hata mama hakuwahi kulisikia. Bibi alijifunika uso kwa khanga, mabega yakitikisika. Sikujua kama analia au anacheka.

"Anasema nini?" mama akauliza.

Bibi alifunua uso. Alikuwa anacheka, machozi yakimtiririka.

"Anauliza kama nimeshaota meno ya mbele."

Tukamtafutia kaseti tupu. Akajisogeza karibu na redio, akakohoa kidogo, akaanza kumjibu mdogo wake.