Kanzu yangu imeimba kanisani

Leo nimeimba ndani ya ile kanisa ya zamani ya Kasongo, watu wakasimama kunipigia makofi!

Bon, nimesema uongo. Mimi sikuimba. Kanzu yangu ndiyo iliimba.

Sikilizeni basi.

Korali, ile kwaya ya Kabambare, ilikuja na pikipiki kutoa konseri yao ya kwanza huku kwetu. Wakaanguka mutoni, mavazi yao ya kuimbia yakajaa matope. Niliwakuta mbele ya mulango, kiongozi wao Mama Feza analia.

"Papa Saleh, kanisa imejaa watu. Tutaingia namna hii? Heri turudi Kabambare."

Nikamwambia: "Mama, sisi Waislamu tuko na kanzu nyeupe kuliko roho zetu. Ngoja."

Nikavua yangu, nikapita nyumba kwa nyumba, nikaomba zingine. Mwalimu wetu wa Korani alitoa zake akinifokea: "Wee Saleh, wakikubatiza humo, usirudi musikitini!"

Weee! Wakaingia weupe pe! Wazee wa kanisa wakashika vinywa. Halafu sauti ikapanda kwenye yale matofali ya kale, ikaturudia kama vile kuna korali ingine juu ya dari. Watu wakakataa kutoka, wakalia "Tena! Tena!" Mama Feza akaimba huku anacheka.

Mulikuwa wapi, ninyi?

Sasa wewe muimbaji wa sauti nzito, munene wa tumbo, najua unasoma hapa. Kesho iko Ijumaa, na mimi nimejifunga kitenge ya muke wangu. Rudisha kanzu yangu, baba, ama nitaenda kuswali na maua ya kitenge.