Mapasa wa Toleo Lijalo

Nilizaliwa nyuma ya mapasa, yaani mapacha. Katika familia zetu zilizotoka Kasai hilo si jambo dogo: mama wa mapasa ana salamu yake, na mtoto anayewafuata anakuta jina lake linamngoja tayari. Kwa hiyo siwezi kusema sikuwajua mapasa; sina pa kujificha.

Tulikuwa watatu katika chumba kimoja hapa Likasi, tukitunza programu ya fishi, yaani kadi za matibabu za wagonjwa, kwa vituo vya afya. Kila baada ya miezi michache tulitoa toleo dogo la marekebisho, na mimi ndiye niliyeamua kipi kiingie na kipi kingoje. Sheria yangu ilikuwa moja: usiguse mpangilio wa fishi. Ukikosea hapo, programu inajifunga katika vituo vyote, mpaka vya Kambove, na ni weye utakayepanda pikipiki kwenda kuifungua. Nilijivunia sheria hiyo, mjinga mimi.

Siku moja muuguzi wa kituo cha upande wa Kakontwe alinipigia simu.

"Papa, mashini yenu inakatala mapasa. Mama mumoja, siku moja ya kuzaliwa, basi inatia batoto bawili mu fishi moja. Na mumoja wao, ukimuchoma penisilini, koo inavimba. Nikiandika ya mwenzake, lile onyo linafutika!"

"Mama, uko na mapasa ngapi pale?"

"Ni bale tu. Habatoshi?"

Nikacheka kidogo, Mungu anisamehe. Kasoro yake iligusa mpangilio wa fishi, kwa hiyo nikaiandika chini ya "toleo lijalo". Katika lile dogo nikaweka nembo ya daktari mkuu, kwa sababu ilikuwa inachapwa imepinda na yeye alikuwa analalamika kila juma. Daftari la karatasi, ambalo lingemwonya mtu yeyote, sisi wenyewe tulikuwa tumewaambia waliache.

Tulipomaliza kulijaribu toleo, nikalitia kwenye flashi, nikalipeleka Kakontwe kwa pikipiki. Muuguzi hakunisalimu. Aliniambia kwamba juma lililopita alikuwa mapumzikoni. Mama wa mapasa alileta mmoja mwenye homa na kidonda. Muuguzi wa zamu akafungua fishi, hakuona onyo lolote, akamchoma sindano ya penisilini. Mtoto hakufika jioni akiwa hai.

Nilikuwa na hasira, na hasira yote ilikuwa juu yangu mwenyewe. Nikaanza kubwabwaja kwamba ile ya mapasa nitaitengeneza leo leo, hapa hapa, hata vituo vyote vijifunge.

"Ya nini tena, Papa?" Aligeuza skrini ili nione. "Mutoto mumoja, fishi moja. Sasa iko sawa."

Kisha akanyoosha mkono kupokea flashi.