Gari la Malenge Lilipopakwa Kijivu

Nimewahi kupewa pole za kifo changu mwenyewe, nikazipokea kwa mikono miwili, pamoja na sukari na majani ya chai.

Shule niliiacha kabla sijajua kuandika barua, na sioni haya kusema hivyo, maana wengi walioendelea nayo nimewaajiri. Nilikuja Nairobi kutoka Ukambani nikasukuma mkokoteni, nikitoa magunia kwenye mabasi mjini na kuyapeleka Dagoretti sokoni. Baada ya mkokoteni nikapata pikapu kuukuu yenye kutu, nikaanza kuleta mizigo kutoka Ukambani mwenyewe. Mwenye duka la rangi alikuwa na madebe ambayo mtu aliyaagiza akakosa kuja kuyachukua, rangi ya malenge yaliyoiva kabisa, akaniuzia rahisi ili yamtoke. Sikuichagua. Gari la pili nikalipaka vilevile, na la tatu, mpaka ofisi, mpaka mlango wa choo.

Jina la kampuni lilikuwa limeandikwa ubavuni, lakini sijawahi kusikia mteja akilitaja. Mama aliye Kitui akimtumia bintiye mbaazi alisema, "Nimetuma na ile ya malenge." Alishona mdomo wa gunia kwa katani, akafunga hapo kipande cha leso yake kuukuu, kisha akapiga simu: ni ile ya maua mekundu. Binti akifika kwetu hakuulizwa namba. Aliulizwa leso. Ndivyo tulivyofanya kazi, na mizigo haikupotea.

Magoti yalipoanza kunisumbua nilimpa binti yangu kampuni. Nilimkabidhi ufunguo wa ofisi mbele ya wafanyakazi wote, mchungaji akaomba, tukala muthokoi wa mahindi na nyama. Kitu ulichotoa kwa maombi hakirudishwi ovyo. Shika hilo, maana ndilo lililonifunga mikono.

Yeye ana digrii, na alikuwa na lake. Alitaka wateja wa Lavington, wale wenye pesa wanaonunua vitu kwa simu na kutaka viletwe hadi mlangoni. Akanipeleka Upper Hill, kwenye jumba refu, kwa vijana wanaouza sura za kampuni. Kijana mmoja aliyevaa viatu bila soksi akawasha picha ukutani. Magari yetu yalikuwa yamepakwa kijivu, ubavuni mkwaruzo wa zambarau, na jina jipya ambalo ulimi wangu mpaka leo haujalikubali.

"Mzee, hii alama inasema mwendo," akaniambia.

"Inamwambia nani?"

"Baba," binti yangu akasema bila kunitazama, "tulishaelewana."

Nikavaa kofia yangu, tukashuka.

Magari yalipoingia barabarani, watu walicheka kwenye simu zao. Karani wetu wa mjini, mama mmoja asiyejua kunificha kitu, alinisomea. "Mzee, sikia huyu: 'Hii ni gari ya mizigo ama ya maiti?' Na huyu anasema hiyo zambarau ni kama mtoto alipewa kalamu akakataa kulala." Nikacheka pia. Kicheko hakiniumizi. Nilipokuwa na mkokoteni nilichekwa na watu wenye viatu vizuri kuliko hao.

Kilichoniumiza kilikuja nyuma ya kicheko. Hapa mjini mwenye biashara akifa, kitu cha kwanza kubadilika ni rangi. Watoto wanauza, mgeni anapaka. Basi maneno yakaanza: yule mzee wa malenge ameenda, watoto wameuza.

Sikujua hayo mpaka asubuhi nilipokwenda ofisi yetu ya Dagoretti kuona kwa nini karani wa huko analalamika hana kazi. Pale magunia yalipokuwa yakipangwa hadi darini, palikuwa na sakafu tupu. Nikakaa kwenye benchi la wateja nipumzishe goti. Wakaingia akina mama wa sokoni, mmoja amebeba kifurushi cha leso. Akaniinamia kwa heshima.

"Mzee, matanga iko wapi? Hapa ama nyumbani?"

"Matanga ya nani?"

"Ya mwenyewe. Yule wa malenge. Ulikuwa unamjua?"

"Namjua sana."

"Alikuwa mtu aje?"

"Mkali."

"Hata sisi tulisikia. Lakini gunia yako haingepotea." Akafungua leso: sukari, majani, mkate. "Ni kidogo tu. Watu wa kwake wapate chai."

Nikapokea kwa mikono miwili. Ndipo mama mzee aliyekuwa amebaki mlangoni akapenya mbele, akachungulia chini ya kofia yangu, akapiga ukelele. "Ngai! Si ni huyu!" Mwenye sukari akaruka nyuma. Wakacheka mpaka wakashikana, nami nikacheka nao. Yule mama mzee hakucheka.

"Mbona umepaka gari majivu na hujakufa?" akaniuliza. "Dada yangu ametoka nyumbani na mbaazi mpaka steji, akaona hiyo kitu, akarudi na gunia yake. Amesema hawezi patia watu hajui chakula ya watoto. Sasa mimi nauza nini? Meza yangu ni mbao tupu."

Nilibeba ile sukari hadi mjini, nikaiweka mezani kwa binti yangu.

"Hii ni nini, Baba?"

"Ya matanga yangu."

Nikamweleza. Aliisukuma kando polepole, kwa kidole.

"Unataka nirudishe malenge."

"Sijasema."

"Unasema kwa kunyamaza. Nikirudisha leo, kila dereva atajua bosi bado ni wewe. Sasa ule ufunguo ulinipa wa nini?" Akasimama. "Twende uone."

Tulifuata gari letu moja la kijivu hadi Lavington. Zamani, akaniambia njiani, dereva wa malenge alifukuzwa kwenye mageti hayo, akiambiwa hapa hatununui mboga. Tulipofika nilishuka ninyooshe goti. Askari akafungua geti bila swali, gari likaingia. Kisha akanigeukia mimi. "Mzee, unatafuta nani?"

Binti yangu alisikia, na hakusema neno, nami nilimshukuru kwa hilo. Alikuwa na haki. Yule mama wa meza tupu naye alikuwa na haki. Mambo mengi maishani nimeyamaliza kwa kupaza sauti. Hili lilinishinda.

Nikatoa shauri nililoliona dogo. Magari yabaki kijivu, mimi nikae Dagoretti mlangoni, kwenye kiti, watu wanione. Akakubali haraka mno.

Nikakaa. Magunia yakaanza kurudi, ingawa si yote. Akina mama wa nyumbani Ukambani walimpigia karani kabla ya kushona gunia. "Yuko? Mpatie simu nisikie." Nami nasema, "Niko, mwaitu," ndivyo tunavyowaita mama zetu. Mmoja hakuridhika.

"Sauti watu huiga. Kohoa."

Nikakohoa. Kikohozi changu anakijua tangu nilipokuwa nikipakia mwenyewe.

"Haya, ni wewe," akasema, na gunia likaja na kitambaa chake. Yule mama mzee wa sokoni alinipitia kila asubuhi akielekea kwenye meza yake, akanibonyeza bega kama anayepima embe.

Wiki iliyopita nilishikwa na homa, nikalala. Karani akapiga simu: kiti kitupu, akina mama wananong'ona, na huko nyumbani magunia yamerudishwa kutoka steji. Pale kitandani niliona jambo ambalo kile kiti kilinificha. Nilikuwa nimeiazimisha kampuni mwili wangu, basi. Siku sukari itakapoletwa ya kweli, nani atakohoa?

Binti yangu akaja, akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Baba, unaweza kwenda ukae hata kidogo?"

"Na baadaye?"

"Sijui." Sikuwa nimewahi kumsikia akilisema neno hilo tangu amalize shule.

"Weka kiti cha pili," nikamwambia. "Kando yangu. Ukae."

"Dagoretti? Mlangoni? Mpaka lini?"

"Mpaka wajue kikohozi chako."

Alitazama viatu vyake vya ofisini kitambo. Kisha akanivalisha koti, akanishika mkono hadi nje, kwenye gari letu la kijivu alilokuja akiendesha. Tulipokaribia soko nikamwambia ashushe vioo, changu na chake, watuone.