Bwana Mkaguzi Alisema Tukome

Juzi nililetewa kadi ya harusi kutoka Urambo, ya Kiingereza kitupu, na katikati yake nikaliona neno "commence". Nikarudi darasani kwetu Tabora, mchana wa joto, harufu ya wino na ya kiko cha mkaguzi wa Kizungu. Tulikuwa tumeambiwa kwamba tukishindwa mtihani wake, darasa la wasichana litafungwa.

Karatasi zilipokwisha kugawiwa, akatazama saa yake akasema kwa sauti nzito, "Commence!"

Nyumbani mama alitupigia kelele hiyohiyo kila tulipogombana: komeni! Basi tukaweka kalamu chini. Akarudia kwa ukali. Nikakunja mikono kifuani, nikabana na pumzi. Nje garimoshi lililia likitokea Kigwa.

Mwalimu Paulina akaingia. "Wanangu, mbona hamwandiki?"

"Shikamoo, mwalimu," nikasema. "Bwana ametuambia tukome."

Mwalimu akaziba mdomo. "Hilo ni neno la kuanza, mwanangu," akasema, kisha akamnong'oneza mgeni.

Nilisubiri fimbo. Yule Mzungu akacheka mpaka kiko kikamtoka mdomoni, akairudisha saa yake nyuma, akasema kwa Kiswahili chake cha kupindapinda, "Anzeni, mabinti." Nikapumua kama aliyetua mzigo wa kuni, nikaandika mpaka vidole vikawa bluu.

Darasa halikufungwa. Kiingereza nilikuja kukijua, hata nikakifundisha. Lakini juzi, nilipolifikia neno lile kwenye kadi, nilijikuta nimeshaweka kikombe cha chai mezani na kukunja mikono.