Lengalenga la Riverside

Ipo siku moja ninayoikumbuka, mwanangu, wala sijivunii. Tulikuwa hatujamaliza mwaka hapa Riverside, ughaibuni, nami nilikuwa msichana wa kujiona najua. Nyuma ya nyumba kulikuwa na kiwanja kitupu, na kwa sisi tuliokulia kambi ya wakimbizi Kigoma, tukigombea kila hatua ya udongo, kiwanja kitupu ni zawadi. Nilikilima, nikapanda lengalenga, mchicha wa kwetu. Wifi yangu, mke wa kaka, alikuwa amejifungua, nami nilimpelekea mboga kila siku apate maziwa.

Jirani yetu, Bibi Inge, mzee wa Kijerumani, aliniambia udongo ule una sumu ya kiwanda cha zamani. Niliitikia kwa kichwa, halafu nikamwambia wifi kwamba bibi yule ana wivu. Wifi akacheka: "Mwache, yeye mboga zake zinatoka kwenye makopo." Nikaendelea kuchuma wiki mbili nzima.

Ndipo bibi akaja mlangoni, akaingia, akakaa bila kukaribishwa. Alizungumza polepole, nipate kuelewa Kiingereza chake. Mji wao kule Ujerumani ulijaa viwanda vya chuma kwa haraka tangu enzi za babu yake. Mashamba yakamezwa, mto ukawa mweusi, mama yake akawa anaanua nguo zimejaa masizi. Hakuna aliyelalamika, maana kila baba alikuwa na kazi. Alipoolewa wakahamia huku, mumewe akawa dereva wa lori kiwandani.

"Majivu ya tanuru yaliyo chini ya mboga zako aliyamwaga mume wangu," alisema. "Nilijua. Nilinyamaza kwetu, nikanyamaza na hapa. Kwa mtoto huyu sinyamazi."

Tulimpeleka mtoto hospitali, akapimwa damu. Siku tatu za kusubiri majibu sikuweza kumtazama wifi usoni. Mtoto alikuwa salama. Udongo ulipopimwa ulikutwa na madini ya risasi, nikang'oa kila shina. Lakini kwa bibi sikwenda. Niliona aibu, nikasema nitakwenda wiki ijayo, na wiki ijayo tena, hadi theluji ikaanguka na bibi akafariki. Kwenye mazishi yake nilisimama nyuma kabisa, nina shukrani moyoni na hakuna wa kuipokea.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifika mahali pageni, uliza ardhi ile ilifanyiwa nini kabla yako. Usiwalaumu sana waliofanya kazi viwandani. Walitafuta chakula kama sisi. Na mtu akikuambia jambo linalomuumiza yeye mwenyewe ili wewe upone, mshukuru siku hiyo hiyo. Mungu akupe udongo safi, majirani wasemao kweli, na miguu myepesi ya kwenda kuwashukuru wangali hai.