Sauti ya Pili ya Yaya

Kile kiti bado kipo. Nilifika Kisangani juzi kutoka Bunia kumwona papa, baba yangu, nikaingia jikoni kutafuta maji, nikakikuta kimebeba bidoni la mafuta ya mawese: kiti chetu kifupi cha mbao, mguu mmoja umefungwa kamba ya nailoni. Ee ndugu yangu, nilishika ukuta. Nilidhani kilikwisha kuwa kuni zamani. Papa alikuwa nje kwenye mkeka, akasikia nimenyamaza ghafla. "Umekiona?" akauliza. Nikasema ndiyo papa, nimekiona.

Wewe hukukulia kwetu, kwa hiyo acha nikueleze kiti hicho kilikuwa cha kazi gani, maana sisi wa nyumbani tulikatazwa kabisa kukikalia. Kilikuwa kiti cha mgeni wa foire.

Foire, yaani yale maonyesho ya likizo kubwa, ilifanyika mtaa wa Makiso, kwenye uwanja nyuma ya maduka. Vita vilikuwa vimekwisha na watu walikuwa na kiu ya kucheka. Walikuja wasusi wa vikapu, wauza vitenge, mpiga picha mwenye pazia lililochorwa ndege, na zile toleka, baiskeli zetu za kubeba watu, zikipiga kengele mpaka masikio yanauma. Hewa yote ilinuka mikate inayokaangwa. Na katikati ya vurugu hilo familia yetu ilisimamisha turubai lake kwa kazi moja tu, kuwaeleza watu habari za Yesu. Usicheke. Papa alikuwa mtu wa Isangi, mchuuzi wa samaki, mwaka mzima alipanda na kushuka mto, lakini foire ikifika alifunga biashara. "Hizi siku ni za Bwana," alisema. Mama aliguna, kwa sababu watoto wa Bwana nao walihitaji viatu vya shule, lakini hata akiguna mikono yake ilikuwa tayari inafunga samaki kwenye majani.

Huyo samaki wa kwenye majani ndiye tunayemwita liboke. Mama alimtia chumvi, kitunguu na pilipili, akamkunja ndani ya majani mapana, akamlaza juu ya makaa, na moshi wake ulivuta watu kuliko mahubiri yoyote. Mpita njia aliposimama, koko, ndivyo tunavyomwita bibi mzaa mama, alimwita kwa mkono: "Kuya, ikala, kula kwanza." Mtu akakaa kwenye kiti. Mimi nilikuwa mdogo, kazi yangu ilikuwa kummiminia maji ya kunawa. Alipewa liboke na tonge la lituma, zile ndizi zilizopondwa, na mpaka amalize kula hakuna aliyeruhusiwa kumtajia Mungu. Koko alikuwa mkali sana hapo. "Mutu ya njaa hasikie Injili," alisema, "anasikia tumbo."

Jirani yetu pale uwanjani alikuwa mama mmoja Mwislamu, muuza mikate, mnene, mwenye kicheko cha kuamsha mtaa. Kila adhuhuri aliacha karai lake, akaja kukaa kwenye kiti chetu na kula liboke lote mpaka kulamba jani. Papa akianza kufungua Biblia, yeye anainuka. "Papa, chakula yenu iko tamu," anasema, "lakini maneno yenu iko murefu!" Papa alicheka mpaka machozi. Alimpenda kuliko wote waliosema amina.

Halafu tuliimba. Aka, tuliimba! Mama sauti ya kwanza, mimi nimejificha nyuma yake. Papa sauti ya nne, ile ya chini inayotoka tumboni. Koko alikuwa na sauti yake ambayo haimo katika kitabu chochote cha nyimbo. Na sauti ya pili ilikuwa ya yaya. Kwetu yaya ni dada mkubwa, na wangu alikuwa msichana mwembamba, mwenye macho ya njano, mchekeshaji, aliyejua kuiga kila mhubiri wa mji huu mpaka mama anamrushia kijiko. Kulikuwa na wimbo mmoja tulioupenda kuliko zote. Katikati yake sauti zote zinanyamaza, na ya pili inapita peke yake, kidogo tu, kabla wote hatujaingia tena. Watu walisimamisha toleka zao kusikiliza mahali hapo.

Nyumbani tulikuwa na sheria kuhusu nyimbo. Anayeanzisha wimbo haachwi peke yake. Ukiwa unafua, ukiwa unateka maji, ukiwa chooni, samahani, ukisikia mmoja wetu ameanza, unachukua sehemu yako pale pale ulipo. Majirani walituona wendawazimu. Mimi nilidhani nyumba zote ziko hivyo.

Sasa sikiliza. Yaya alizaliwa na ule ugonjwa wa damu, madaktari wanauita SS, wengine selimundu, kila mtu kwetu anaujua. Maumivu yalikuja kwenye mifupa, yakamwangusha, tukampeleka hospitali, wakamtundikia maji na damu, akarudi amekonda zaidi. Papa na mama waliomba na kufunga kwa ajili yake miaka na miaka. Mwaka mmoja, tangu Pasaka mpaka shule zilipofungwa, hakuugua hata mara moja. Alinenepa kidogo. Alikimbia! Mama alikuwa anasimama mlangoni kumtazama anavyokimbia, na kanga iko mdomoni.

Foire ilipofunguliwa, papa alichukua megafoni, akamsimamisha yaya mbele ya uwanja wote. "Muone huyu mutoto!" alisema. "Alikuwa mutu ya hospitali. Leo iko muzima. Mungu alimuponyesha kabisa, hataugua tena!" Watu walipiga vigelegele. Wengine walilia. Mwanamke mmoja alimleta mtoto wake aguswe na yaya. Koko peke yake aliinamia makaa yake na kusema polepole, "Mukwe, ungengoja kidogo." Papa hakusikia, au hakutaka.

Lazima uelewe ushuhuda ni nini kwetu. Ukisema mbele za watu kwamba Mungu ametenda, neno hilo halirudi. Aliyeshuhudia akaugua tena, watu husema imani yake ilivuja, au mbaya zaidi, kwamba amemfanya Mungu mwongo. Yaya aliyajua hayo. Alikuwa ameyasikia kanisani tangu akiwa mgongoni.

Basi siku zile za foire tuliimba kuliko miaka yote. Yaya ndiye aliyekuwa anaanzisha. Asubuhi kabla ya chai, ameanza. Tunabeba masufuria kwenda Makiso, ameanza. Anapepea makaa, anasimama ghafla, anashika nguzo ya turubai, anafumba macho, anaanza wimbo ule ule. Na sisi, kwa sheria yetu, kila mmoja akadakia sehemu yake kwa furaha. Papa alimwambia muuza mikate, "Unaona? Hiyo ndiyo furaha ya mutu aliyepona." Yule mama alimtazama yaya kwa muda, mkate uko mkononi. "Anatoka jasho mingi," alisema.

Siku ya mwisho uwanja ulijaa kupita kiasi. Yaya alianzisha, tukaitika, watu wakasogea. Tukafika mahali pale ambapo sauti zote zinanyamaza. Tukanyamaza. Sauti ya pili haikuja. Niligeuka, nikamwona yaya amekaa kwenye kiti cha mgeni. Hakuna aliyewahi kukikalia miongoni mwetu, hata kwa mchezo. Alikuwa amejikunja, midomo yake inatembea bila sauti. Papa alidhani amesahau. Akatabasamu kwa watu, akauanza wimbo upya ndani ya megafoni, na mama akaanza kumfuata.

"Munyamaze!" Koko alilitupa liboke chini. "Munyamaze, mutoto anakufa!"

Ilikuwa mara ya kwanza wimbo kukatwa katika familia yetu. Muuza mikate ndiye aliyemnyanyua yaya, akampakata kama mtoto mchanga mpaka kwenye pikipiki ya kukodi, na mama akakaa nyuma yao. Sisi tulifuata kwa toleka. Samaki waliungua wote juu ya makaa, tuliwaacha.

Hospitalini papa alipiga magoti kando ya kitanda. "Kwa nini hukusema?" aliuliza. "Tungekuleta hapa mapema. Kwa nini, mutoto yangu?" Yaya alimshika sikio, alivyozoea kumchezea tangu utoto. "Ulikwisha kushuhudia, papa," alisema. "Kama inauma sana, ninaimba. Mukiimba na mimi, sisikie maumivu muda mingi." Ndivyo tulivyojua. Kila alipoanzisha wimbo alikuwa anataka kulia, na sisi tulikuwa tunamwimbia juu yake, kwa sauti nne, tukicheka. Mawa, ndugu yangu, ni huzuni. Mawa kabisa. Hakuifikia Jumapili.

Koko alikuwa na msemo wake wa siku zote, mficha maradhi kifo humuumbua. Baada ya yaya hakuusema tena. Alisema si yaya aliyeficha, ni sisi tuliomfunika.

Mwaka uliofuata tulidhani papa hatakwenda foire. Watu wa kanisa walikuwa wamemshauri apumzike, na wengine walimwambia yale ya imani inayovuja, usoni pake, wakiwa wanakula chakula chetu. Asubuhi ya ufunguzi alibeba turubai na kiti. Megafoni aliiacha juu ya kabati. Pale uwanjani alisimama na mikono mitupu, akaongea kwa sauti yake ya kawaida, ilibidi watu wasogee.

"Mwaka jana nilisema hapa mutoto yangu iko muzima," alisema. "Mungu hakunituma kusema vile. Mimi nilimutangulia. Mutoto alikufa. Kama uko na mugonjwa kwako, muombee, na umupeleke hospitali, na akilia umuache alie." Mtu mmoja nyuma alicheka, papa akaendelea. "Yesu, ningali ninamuamini. Sijui kueleza. Kuya, ikala, kula kwanza."

Hakuna aliyesogea. Ndipo muuza mikate akaacha karai lake, akaja akakaa kwenye kiti, akanyoosha mikono nimnawishe. Alikula akilia, kamasi na samaki pamoja. Siku hiyo papa alipofungua Biblia, hakuinuka.

Uwanja ule leo umejaa vibanda vya kuuzia simu. Foire bado inapigwa sehemu nyingine, nimepita hapo jana, kuna spika kubwa kuliko nyumba, na liboke wanalifunga kwenye ile karatasi ya kung'aa ya dukani. Muuza mikate alikwisha kufa, koko pia, na mama tulimzika mwaka juzi. Nimekaa Bunia miaka mingi na watoto wangu hawajui sehemu za nyimbo. Nilipowasimulia haya, mdogo wao aliyashika kwa njia yake. Nikianza kuimba wimbo ule jikoni, anakuja mbio na kuuliza, "Mama, unaumwa wapi?"

Leo alasiri nilikuwa namenya ndizi za lituma, papa yuko kwenye mkeka. Akaanza. Ile sauti ya nne imebaki nyembamba sana, lakini wimbo niliujua kabla hajamaliza neno la kwanza. Sikuchukua sehemu yangu. Niliweka kisu chini, nikamwendea, nikachuchumaa mbele yake.

"Papa, inakuuma wapi?"

Alinitazama. Alikuwa na machozi, lakini hakuona haya.

"Fasi yote, kila pahali, mutoto yangu," alisema. "Imba tu."

Nikachukua sauti ya kwanza, ile ya mama. Tulikwenda polepole mpaka mahali pale, tukanyamaza wote wawili, tukamngojea yaya apite, halafu tukaendelea.