Bawabu Aliyepotewa na Nyuso

Ngumbao alikuwa bawabu wa hoteli moja kule Watamu tangu ujana wake mpaka mvi zilipomjaa, na sifa yake ilikuwa moja tu: hasahau sura. Mgeni aliyeondoka mwembamba akirudi baada ya miaka amenenepa na kufuga ndevu, Ngumbao atamfungulia lango na kumuuliza habari za mkewe. Alipostaafu akarudi kwao Jilore alikuja na sifa hiyo, na tuseme ukweli, alituchosha nayo. Harusini au matangani, lazima amshike mtu mkono amwambie, "Wewe ni mjukuu wa fulani, hilo paji la uso silikosei." Mara nyingi alikuwa hakosei, na hilo ndilo lililotuudhi.

Kisha nyuso zikaanza kumpotea. Kwanza aliona fremu ya mlango wake imepinda, akamgombeza fundi wa watu bure. Baadaye akifungua Biblia, maneno ya katikati ya mstari yanafutika, ya pembeni yanabaki. Mwisho zikafuata sura. Akimtazama mtu usoni anaona masikio, nywele na kidevu, na pale penye macho na pua pamekaa wingu la kijivu. Lakini kuku akinyemelea jikoni upande wake wa kushoto, Ngumbao alimwona na kumfukuza kabla ya mtu yeyote. Mzee wa namna hiyo, nani angedhani haoni?

Hakumwambia mtu. Aliona haya, basi. Yeye aliyejisifu kwa nyuso angesimamaje mbele ya watu aseme zimemtoka? Halafu huku kwetu mzee akianza kuwa na macho ya ajabu, midomo haikosi kazi: mara kalogwa, mara ni mchawi. Akajifunza kungoja sauti. Akawa anatambua watu kwa mwendo, kwa kofia, na wanawake kwa leso zao za kujifunga. Asiyefungua kinywa alipitwa bila salamu, na tukaanza kusema kuwa pensheni imempa kiburi.

Alikuwa na mjukuu aitwaye Caroline, aliyelelewa pale nyumbani. Kama ilivyo desturi, babu na mjukuu wa kike hutaniana, na Ngumbao alimwita "mke wangu" tangu akiwa hajui kutembea. Caroline alikuwa na leso yake moja ya manjano ambayo haimtoki mwilini. Kwa Ngumbao, manjano hayo ndiyo yaliyokuwa sura ya Caroline.

Sasa, mkewe Kitsao, mtoto wa kiume wa Ngumbao, alikuwa amejifungua. Jina la mke huyo ni Kahonzi. Jumapili moja wakwe wakaja kutoka Malindi kumwona mtoto, wakiongozwa na mama yake Kahonzi, bibi mmoja aitwaye Zipporah, kiongozi wa akina mama kanisani kwake, mtu wa heshima zake. Ngumbao aliwapokea vizuri, kila mmoja kwa sauti yake, kisha akatoka kwenda dukani kufuata soda. Huku nyuma mtoto akamkojolea nyanya yake Zipporah. Mekitsao, yaani mkewe Ngumbao, akachomoa kwenye kamba leso ya kwanza iliyokauka, akampa Zipporah ajifunge wakati gauni likianikwa. Ilikuwa ile ya manjano ya Caroline, iliyofuliwa asubuhi hiyo. Zipporah akaona haya kurudi sebuleni na leso ya kuazima, akakaa zake kwenye kibaraza cha jikoni.

Ngumbao aliporudi aliona manjano kibarazani. Akaketi ubavuni pake, akamtia mkono begani, akamvuta.

"Mke wangu," akasema kwa sauti ya kusikika mpaka sebuleni, "tangu asubuhi hata hunitazami. Umepata bwana mwingine?"

Mkwe hata mkono hushikwa kwa staha. Huyu amekumbatiwa na kuitwa mke, na ndugu zake wanasikia.

"Mkwe, ni mimi," akasema Zipporah kwa sauti ndogo.

Ngumbao aliuondoa mkono kama aliyeshika sufuria ya moto. Mangi, kakake Zipporah, alikuwa amekwisha kufika mlangoni. Akauliza, "Huyu mzee amelewa?"

Pale ndipo Ngumbao alipofanya jambo la kijinga kuliko lile la kwanza. Pombe ya mnazi alikuwa ameiacha tangu alipookoka, na hakuna aliyewahi kumwona akirudia. Lakini katika ule muda mfupi alipima mawili: mlevi kesho huamka mzima, naye akisema haoni, hiyo ni ya maisha. Akainamisha kichwa akajibu, "Nisameheni. Nimeonja mnazi kidogo."

Wakwe waliondoka bila kugusa pilau. Siku chache baadaye Mangi alirudi kumchukua Kahonzi na mtoto wake. Alisema mtoto mchanga hawezi kukaa katika nyumba ya mlevi anayeshikashika watu. Kitsao hakumsemesha baba yake. Sisi majirani tuliongea vya kutosha, kila mtu akakumbuka siku aliyomwona Ngumbao akipepesuka, hata ambao hawakuona chochote. Naye akakaa kimya na aibu yake, akiona mjukuu na mkwewe wamemtoka, na neno moja tu lingetosha kuwarudisha. Neno hilo halikumtoka.

Mekitsao ndiye hakuamini. Amelala na mwanamume huyo miaka yote, harufu ya mnazi anaijua. Asubuhi moja alivaa dera alilopewa na dadake, ambalo Ngumbao hajawahi kuliona, akamwendea uwanjani, akasimama mbele yake, kimya.

Ngumbao akainuka kwa adabu. "Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

Mekitsao alipoanza kulia ndipo mzee alipomtambua, kwa kilio.

"Tangu lini, Baba Kitsao?"

"Nilikuwa nimekujua, nilikuwa nakutania," akasema. Halafu akaketi chini. "Hapana. Sikukujua."

Walikwenda Malindi kwa daktari wa macho, binti mmoja wa bara aitwaye Abigael. Alimpa shikamoo, akamtia dawa ya kupanua mboni, akammulika kwa taa muda mrefu. Kisha akamwonyesha karatasi yenye mirabamiraba na nukta katikati. Ngumbao akasema mistari imejikunja kama mkeka ulionyeshewa na mvua, na hapo katikati imetobolewa.

"Nitakatwa mtoto wa jicho?" akauliza. Hilo alilitamani, maana tunawajua waliokatwa wakarudi wanaona.

"Mtoto wa jicho ni ukungu wa kioo cha mbele, mzee. Hiki chako ni kingine, kiko nyuma," akasema Abigael. "Kule nyuma kuna utando unaopokea mwanga, na katikati yake pana sehemu ndogo mno ambayo ndiyo ya kusomea na kutambua sura. Chini ya utando kuna chembechembe zinazoulisha na kuuondolea taka. Uzee ukiingia, zinachoka. Taka zinabaki na kuganda, nimeziona kwako, vidoa vya manjano. Pale katikati pakikosa chakula na usafi panakufa. Pembeni panabaki pazima, ndiyo maana kuku unamwona."

"Kwa hiyo sikulogwa."

"Hukulogwa. Ulivuta sigara?"

Ngumbao akatazama chini. Zamu za usiku langoni ziliisha kwa sigara, pakiti na pakiti. Daktari alimwambia sigara huuharakisha ugonjwa huu, ingawa hata wasiovuta huupata, na wengine ni wa ukoo. Akamweleza kuwa kuna aina ya pili, ya mishipa inayovuja, nayo huchomwa sindano. Yake ni ile kavu, na kilichokwisha kufa hakirudi. Ale mboga za majani na samaki, asiguse sigara, na kila wiki aitazame ile karatasi kwa jicho moja moja. Mistari ikizidi kupinda ghafla, aje siku hiyohiyo. Miwani haitamsaidia kuona sura, bali azoee kuelekeza macho kando ya kitu ili akione.

Walipotoka Mekitsao alinunua kuku sokoni, maana mkwe haendewi mikono mitupu kwa jambo kama lile, wakapanda tuktuk hadi mtaa wa Shella kwa Zipporah.

Zipporah aliwapokea, akawapa viti, akakaa mbali. Ngumbao alisema akiwa amesimama. "Mkwe, sikuwa nimelewa. Macho yangu yamekufa katikati, sioni nyuso. Niliona leso ya mjukuu wangu. Nilisema mnazi kwa sababu niliona haya kusema sioni."

"Ulevi ningeusamehe siku ileile," akasema Zipporah. "Lakini mimi nimesimama kanisani, Jumapili mbili, nikaomba kwa jina lako uache pombe. Watu wote wakaitikia amina. Sasa nitawaambia nini?"

Ngumbao akaketi.

"Mtawaambia ninyi wawili," akasema Mekitsao, "na mimi nitakuwepo."

Zipporah akamwita bintiye. Kahonzi akatoka chumbani, akapiga goti kumsalimu baba mkwe wake, akampakatisha mtoto.

"Kesho kutwa nitawarudisha mwenyewe," akasema Zipporah. Kisha akaona Ngumbao amegeuza uso, akamwonea huruma. "Mkwe, yamekwisha. Usione haya tena. Mtazame mjukuu wako."

"Ndiyo namtazama," akasema Ngumbao, uso wake umeelekea ukutani, mtoto amemweka pembeni ya macho. "Sikuwahi kumwona."